Kutoa fuwele kwenye mvinyo kabla ya kujaza chupa

Mvinyo uliokaa tangini Hombolo au Mpunguzi, huku Dodoma, kwa nyuzi 25 huonekana msafi kabisa. Ukifika Dar es Salaam ukaingia kwenye friji ya hoteli, chini ya chupa hujitokeza chembe zinazong'aa, na mteja anairudisha akidhani ni vipande vya kioo. Ni fuwele za potasiamu bitatareti, yaani asidi ya tatariki ya zabibu iliyoshikana na potasiamu. Haina madhara. Ila mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 huyeyusha takriban gramu 3 za chumvi hiyo kwa lita ukiwa nyuzi 20, na kama gramu 1 tu kwenye nyuzi 0. Ziada itatoka tu. Afadhali itokee kwako.

Tanguliza bentonaiti, udongo laini unaonasa protini, kwa sababu protini huzuia fuwele kukua. Maliza pia kuchanganya mivinyo: miwili iliyotulia, yaani isiyotoa fuwele tena, ikichanganywa, inaweza kutoa mmoja usiotulia. Asidi ya tatariki nayo iongezwe sasa. Ukiiongeza baada ya baridi, kazi inaanza upya.

Kipimo: chuja mvinyo kidogo, uweke kwenye nyuzi -4 kwa siku 3. Ukiona fuwele, endelea hivi.

Friza ya kawaida hushuka hadi -18, na mvinyo wa asilimia 12 huanza kuganda karibu na -5. Kwa hiyo funga kidhibiti joto, bandika kihisio ubavuni mwa dumu, ukifunike kwa sponji, kisha weka -3. Mvinyo ukishapoa hadi ndani, tia krimu ya tatari (ndiyo hiyo hiyo potasiamu bitatareti, ya unga) iliyosagwa laini sana, gramu 4 kwa lita. Dumu la lita 20 linachukua gramu 80. Usipunguze. Punje hizo ndizo fuwele mpya zinapojijengea, na zikizama chini bila kukorogwa hazifanyi kazi. Koroga taratibu kila dakika 10 kwa saa 3, kisha acha zitulie siku 2. Bila krimu utasubiri wiki 2 hadi 3, na umeme ukikatika, joto litayeyusha tena ulichopata.

Hamisha na uchuje ukiwa bado baridi, huku dumu la kupokelea likijazwa hadi shingoni. Mvinyo baridi hunywa oksijeni nyingi, hivyo hakikisha salfa huru (dioksidi ya salfa inayokinga mvinyo, ambayo haijashikana na kitu kingine) ni miligramu 25 hadi 30 kwa lita.

Pima pH tena. Ikiwa ilikuwa chini ya 3.6 itashuka kidogo. Ikiwa juu, kama ilivyo kwa zabibu zilizochelewa kuvunwa kwenye jua letu, itapanda.

Kalsiamu tatareti ni shida nyingine. Hutokana na matangi ya saruji yasiyopakwa au chokaa ya kupunguza asidi, hujitokeza baada ya miezi, na baridi haisaidii sana.

Asidi ya metatatariki, kiongezwa kinachotiwa kwenye mvinyo, huzuia fuwele bila friza, lakini ghala la nyuzi 30 huivunja ndani ya wiki chache. Kwa Dodoma, hatuipendekezi.