Somo: Stima inayoliwa na vifaa ulivyozima kwa rimoti

Kila wiki kuna anayelalamika hapa kuwa tokeni haikai, na nyumba yenyewe ina taa tatu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena, mwelekezeni huku.

Rimoti haizimi kitu. Runinga yenye taa nyekundu bado inavuta, na king'amuzi, hasa cha zamani, "kikilala" huvuta karibu sawa na kikiwa macho. Pimeni kwanza kabla ya kulaumu mita.

1. Zima taa, feni na pampu. Vya sebuleni viache kama unavyoviacha usiku.

2. Zima friji ukutani. Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika: friji imetulia, unadhani haivuti, katikati ya kuhesabu injini inawaka na unapata jibu la uongo. Usiifungue wakati unapima. Ukiizima, usiiwashe papo hapo. Ngoja dakika tano, maana injini ikilazimishwa kuanza gesi haijatulia huweza kuungua. Na usiisahau! Samaki akioza usinitafute.

3. Tazama taa ndogo inayomweka kwenye mita. Pembeni pameandikwa imp/kWh, yaani mimweko kwa kila uniti, mara nyingi 1000 au 1600. Hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600,000 kwa namba hiyo ya imp/kWh, kisha kwa sekunde zako. Hizo ni wati. Mita ya 1000, sekunde 120: wati 30. Ukiviacha hivyo mchana na usiku kwa siku 30, ni uniti 21.6.

4. Chomoa kimoja kimoja, pima tena. Mwizi atajitaja.

5. Vya sebuleni vyote kwenye ekstensheni moja yenye swichi. Ukienda kulala, zima.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Kwa hivyo nichomoe chaja ya simu?
— Nimeandika chaja wapi? Chaja nzuri isiyo na simu haifiki nusu wati, mwezi mzima haimalizi nusu uniti. Anza na king'amuzi.

Binti Shela: Assalaam aleykum maalim. Mita yetu iko juu ya mlingoti, ndani tuna kile cha kubonyezea tokeni tu. Tutapimaje?
— Waaleykum salaam dada, umeuliza la maana. Andika uniti zilizobaki, friji ikiwa imezimwa, uache saa mbili, usome tena. Zikipungua 0.06, gawanya kwa 2 upate 0.03, zidisha kwa 1000: wati 30. Ukiacha saa tatu jibu litakuwa sahihi zaidi.

Wiyoni Juu: Nimepata wati 140. Mita hizi ni wizi mtupu.
— Friji?
Wiyoni Juu: Ilikuwa imetulia.
— Rudi hatua ya 2.

Mama Mkomani: Nami nizidishe. Tangu nianze kuzima ukutani, stima ikikatika na kurudi kwa kishindo runinga haidhuriki.
— Kweli kabisa, mama. Ila king'amuzi kikiwa kinajisasisha, kiache kimalize.

Fundi wa Mokowe: Huku pwani angalieni na kutu ya chumvi. Shika plagi baada ya saa moja. Ikiwa moto, badilisha soketi.
— Ahsante fundi, hilo lilinipita.

Kijana wa Langoni: Hiyo ekstensheni naweza kuchomeka pasi pia?
— Hapana. Pasi ukutani.