Kutibu kidonda sugu kwa kalamu ya plazma baridi

Kalamu ya plazma baridi ni kifaa kinachotoa mwali wa gesi iliyotiwa chaji ya umeme, usio na joto kali, unaoua bakteria; si plazma ya damu. Safisha kwanza. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya 0.9%, kwangua nyama iliyokufa na utando, kisha kausha kwa shashi. Damu na mafuta ya dawa humeza nguvu ya plazma kabla haijafika kwenye bakteria.

Fungua gesi ya agoni, takriban lita 5 kwa dakika, ndipo uwashe. Ncha ya mwali wa zambarau ndiyo iguse kidonda, mdomo wa kalamu ukiwa karibu milimita 8 juu. Ukiuinua zaidi, mgonjwa anapulizwa gesi tu. Tembeza polepole, sekunde 30 hadi 60 kwa kila sentimita ya mraba. Ukiganda mahali pamoja, pataungua. Usiharakishe kingoni, ngozi mpya huanzia huko.