Jinsi ya kupiga picha nyeusi na nyeupe kwenye jua la Dar

Kijana mmoja wa kundi langu la Jumamosi aliniletea picha ya marafiki zake wawili wamesimama nje ya duka la jezi, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mmoja kavaa ya Simba, mwenzake ya Yanga, ile ya kijani tupu. Kwenye rangi picha ilichangamka, na kwa sura zao tu ungejua nani kafungwa wikiendi ile. Akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, ikafa palepale. Jezi zote mbili zikawa kijivu kilekile, kama wamevaa sare. "Mwalimu, simu imeharibu," akasema. Simu haina kosa. Nyekundu ile na kijani kile vinagombana kwa rangi, lakini kwa mwanga viko sawa, na ukishaondoa rangi unabaki na mwanga peke yake.

Basi la kwanza, kabla hujatoka nyumbani: weka kamera ikuoneshe nyeusi na nyeupe kwenye kioo wakati unapiga, siyo baadaye. Simu nyingi zina kichujio hicho humohumo kwenye kamera. Wenye kamera kubwa wachague monokromu na wahifadhi faili kama RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaipika. Kwenye kioo wataona kijivu, ila rangi zote zimebaki ndani ya faili na zitahitajika. Tembea nayo hivyo sokoni nusu saa bila kupiga. Utaona fungu la nyanya likimezwa na fungu la pilipili hoho, na kikombe cheupe cha muuza kahawa, ambacho hukuwa umekiona, kikikuita kutoka mbali.

Sasa kivuli. Tuna maneno mawili, kivuli na uvuli, na ingawa mtaani tunayachanganya, mimi nikifundisha nayatenga. Uvuli ni pale unapojikinga na jua, chini ya mwembe au barazani. Mwanga wake umetawanyika, ni laini, hauna ukingo. Kivuli kina umbo: cha nguzo, cha baiskeli, cha mama aliyebeba ndoo. Uvulini ndiko pa kupigia nyuso. Kivuli ni kitu cha kupiga chenyewe. Wanaorudi na dada zao wenye macho kama mashimo ni wale waliomsimamisha mtu juani saa saba mchana wakidhani jua jingi ndiyo picha nzuri.

Nami sikuzaliwa najua. Nimekulia kwenye studio ya mjomba, Magomeni, enzi za mkanda wa filamu, tukisafisha picha wenyewe kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu. Mara ya kwanza kuachiwa bibi harusi, niliweka taa mbili zinazolingana, kulia na kushoto, ili kusiwe na kivuli hata kimoja. Kweli hakikuwepo. Pua nayo haikuwepo. Uso ulitoka bapa kama chapati, na mjomba akarudisha nusu ya hela bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angefoka.

Jua letu lina tabia zake. Dar iko nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mchana wa siku hizo nguzo ya umeme inakanyaga kivuli chake yenyewe, na kila uso una ndevu za giza chini ya pua na kidevu. Usiangalie saa, jiangalie mwenyewe. Kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, piga juani. Kikishakuwa kifupi kuliko wewe, ingia uvulini. Machi mpaka huo unafika kama saa tatu na nusu asubuhi, na kivuli kinaanza tena kukuzidi kama saa tisa na nusu alasiri. Juni jua limehamia kaskazini, halipandi sana, na unaweza kuendelea hadi saa nne asubuhi. Juni hiyohiyo ukuta unaotazama kusini haupati jua mchana kutwa, kwa hiyo una studio ya bure.

Kiasi cha mwanga ndipo wengi wanapokwama, na hapa nitakaa kidogo. Kwenye jua kali lisilo na wingu anza na kanuni ya wazee: tundu la lenzi f/16, kasi ya shata (muda pazia la kamera linabaki wazi) sawa na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), yaani ISO 100 kwa 1/100 au 1/125 ya sekunde. Ukihamia uvulini, fungua tundu hadi f/5.6, maana namba ikipungua tundu linapanuka. Hizo ni hatua tatu, na kila hatua ni mara mbili, maana yake barazani pana mwanga karibu mara nane pungufu ya barabarani hatua chache mbele yako. Jicho halikuambii, kwa sababu linajirekebisha kimyakimya. Tofauti hiyo ya mwanga na giza ndiyo kontrasti, na mara nyingi utalazimika kuchagua upande mmoja.

Chagua weupe. Mjomba alinifundisha kinyume, kwamba upimie kivuli, yaani upange mwanga wa kamera kwa kukitazama hicho, na weupe utauokoa wakati wa kusafisha, na kwa mkanda alikuwa sahihi. Kwenye simu na kamera za sasa weupe ukishaungua haurudi, lakini gizani bado unaweza kuchokonoa kitu. Mtu amevaa kanzu juani? Gusa kanzu kwenye kioo, kijua kidogo kitatokea pembeni, kivute chini taratibu mpaka mikunjo ya kitambaa ionekane. Mlango nyuma yake utazama kwenye giza. Uache uzame.

Na fahamu hili: kamera inaamini kila kitu duniani ni kijivu. Ukiijazia kanzu nyeupe itaitoa chafu, ongeza hatua moja, +1. Ukiijazia baibui jeusi italitoa kama majivu, punguza, -1. Uso wa Mswahili mweusi mbele ya ukuta mweupe utazimika kabisa, kwa sababu kamera imeushughulikia ukuta. Wamarekani wawili, Ansel Adams na Fred Archer, karibu na mwaka 1940 walipanga ngazi 11, namba 0 hadi 10, kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu, na ngozi ya Mzungu ikawekwa ngazi namba 6. Ngozi zetu nyingi zinakaa chini ya hapo, na zikae hapohapo. Naudhika nikiona mwanafunzi anampandisha bibi yake ngazi mbili "ili aonekane". Mpe bibi mwanga wa pembeni, wa dirishani, uteleze kwenye shavu na paji la uso. Ngozi nyeusi inang'aa yenyewe. Mafuta kidogo ya nazi hayajawahi kuharibu picha.

Pa kujifunzia kontrasti kuliko popote ni Feri, soko la samaki la Dar, kwa wakaanga samaki, asubuhi. Jua linaingia kwa chini upande mmoja wa paa, ndani giza, na moshi wa mafuta unapanda katikati. Jua likiwa mgongoni kwako, moshi huo ni ukungu mchafu tu. Zunguka mpaka jua liwe mbele yako, ulifiche nyuma ya nguzo, na nyuma ya moshi pawe na giza. Moshi unawaka. Mkono wa mkaangaji unakuwa mweusi mtupu na ukingo mwembamba mweupe, na kila tone la mafuta linaonekana. Piga ukipimia moshi. Ila omba kwanza, nunua samaki, kula, kisha ndipo utoe kamera. Mtu aliyekuzoea hakodoi macho. Na Ikulu iko jirani, kamera isielekee huko.

Mvua ikinyesha, baki nyumbani na yai. Liweke mezani kando ya dirisha moja, zima taa zote. Upande mmoja mweupe, mwingine giza, na katikati njia ya kijivu. Simamisha kiroba cheupe cha unga upande wa giza, giza litalainika. Kitoe, weka baibui la mama mahali pake, giza litaongezeka, kwa sababu kitambaa cheusi kinakunywa mwanga uliokuwa unarudi kutoka ukutani. Fanya hivyo mara kumi, halafu mwite mdogo wako akae pale lilipokuwa yai.

Yule kijana wa jezi nilimrudisha kwenye picha yake ya rangi. Nikamwambia aifungue kwenye Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha, achague nyeusi na nyeupe, kisha kichujio chekundu. Jezi ya Simba ikawaka, ya Yanga ikawa karibu nyeusi, na anga la buluu juu ya duka likashuka kama linataka mvua. Akajaribu cha kijani, mambo yakageuka, ila nyuso za wote wawili zikazama pia, ndiyo maana sikipendi kwa watu weusi. Wiki iliyofuata alirudi Msimbazi saa kumi na moja jioni, akamweka wa Simba juani na wa Yanga mlangoni kwenye giza, akapimia shavu la yule wa juani. Haikuhitaji kichujio. Wa Yanga amelalamika kwamba amepigwa kama yuko msibani, na amedai wabadilishane nafasi baada ya mechi ijayo.