Somo: Kuondoa sys_sync() ndani ya kerneli ya Linux

Wiki hii tuna draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya zamani ya mizani ya korosho, ya enzi za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Linux 4.14. Gunia likishapimwa, inaita sys_sync() ili uzito uandikwe diskini. Kwenye 4.19 ya x86-64 (aina ya prosesa) haijengeki tena.

Sababu kwanza. sys_sync() ni wito wa mfumo, na wito wa mfumo ni dirisha la programu za nje. Ni kama ghalani: mkulima wa Newala akileta korosho hupita mizani. Karani aliyemo ghalani hatoki kupanga foleni ili achukue gunia lililo nyuma yake. Tangu Linux 4.17, Juni 2018, dirisha hilo kwenye x86-64 hupokea kielekezi cha struct pt_regs (nakala ya rejista za programu iliyoita) na kusoma rejista zinazohitajika tu, ili takataka za mtumiaji zisipenye ndani. Msimbo wa kerneli wenyewe hauna pt_regs ya kukabidhi. Ndiyo maana Dominik Brodowski, mmoja wa waandishi wa kerneli, alipita faili kwa faili akiweka fanksheni saidizi za ksys_, za kuitwa na msimbo wa ndani.

1. Tafuta:
grep -rnw sys_sync drivers/misc

2. Usibadilishe kitu bado. Fungua fs/sync.c:

SYSCALL_DEFINE0(sync)
{
        ksys_sync();
        return 0;
}

Itazame vizuri. Kazi yote imo kwenye ksys_sync(). Wito ni ganda tu.

3. Weka ksys_sync() mahali pa sys_sync(). Angalia: hairudishi thamani. Draiva yetu ilikuwa na ret = sys_sync(); kwa hiyo ondoa na ret, pamoja na if inayoikagua.

4. Jenga faili hiyo peke yake:
make drivers/misc/mizani.o
Hapa Mtwara umeme ulinikatikia nikiwa katikati ya kujenga kerneli nzima, usiku wote ukapotea.

Maswali

Mwanachama, Masasi: Shikamoo mwalimu. Nikiijenga kama moduli (faili la kupakiwa kando ya kerneli) inasema ksys_sync haijulikani.
— Marahaba. Haijatolewa kwa moduli. Ijenge ndani ya kerneli, yaani weka =y kwenye .config.

Mwanachama, Lindi: Kaka, yangu inasoma faili kwa sys_read(). Niweke ksys_read()?
— Hapana, dada. Hiyo inataka bafa (eneo la kumbukumbu) ya mtumiaji, yako ni ya kerneli. Tumia kernel_read().

Mwanachama, Nachingwea: Kwani draiva ina haja gani ya kuita sync?
— Haina. sync inasukuma mafaili yote ya mashine kwa ajili ya gunia moja. Programu inayoandika uzito iite fsync() kwenye faili lake, kisha mstari wa ksys_sync() tuufute kabisa.