Kamera Mbili Zisizo na Kioo, Ipi Ikufae? Namna ya Kuzipima kwa Picha na Video

Ukilinganisha kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) kwa jedwali la sifa peke yake, utaona zote zinafanana: zote zina 4K (video yenye upana wa pikseli karibu 4,000), zote zinalenga jicho, zote zina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi. Tofauti imejificha kwenye masharti. Hiyo 4K inatoka eneo gani la sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kwa fremu ngapi kwa sekunde, na kwa dakika ngapi kabla ya joto kuizima? Basi kwanza andika kazi yako ngumu kuliko zote, iwe harusi katika ukumbi wenye mwanga hafifu, mahojiano ya saa nzima au ndege warukao, kisha pima kila kamera kwa kazi hiyo.

Ukubwa wa sensa ndio msingi. Sensa ya fremu kamili (full frame) ni milimita 36 kwa 24, APS-C ni takriban 23.5 kwa 15.6 (ya Canon ni 22.3 kwa 14.9), na Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Kupata upana wa mwonekano unaolingana na fremu kamili, zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, kwa 1.6 ikiwa ni APS-C ya Canon, au kwa 2 ikiwa ni Micro Four Thirds. Wengi husahau kuzidisha na namba ya f (upana wa tundu la lenzi) wanapolinganisha ukungu wa nyuma ya mhusika: lenzi ya 25 mm f/1.4 kwenye Micro Four Thirds hutoa picha inayokaribia ya 50 mm f/2.8 kwenye fremu kamili. Mipangilio ya mwanga haibadiliki, ila kina cha sehemu iliyo kali na wingi wa chembechembe hubadilika.

Sasa video, ambako ndiko wanunuzi hujuta zaidi. Chukua 4K ya fremu 60. Sony a7 IV huikata hadi eneo la ukubwa wa APS-C, na Panasonic S5 II vilevile. Canon R6 Mark II na Nikon Z6III hutumia upana wote wa sensa. Maana yake, lenzi yako ya 24 mm kwenye zile mbili za kwanza itaona kama ya 36 mm, na katika chumba kidogo utakosa nafasi ya kurudi nyuma. Soma pia kina cha rangi: biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 hutoa 1,024. Ukirekodi kwa Log, yaani rangi zilizofifishwa makusudi ili zirekebishwe baadaye (S-Log3 ya Sony, V-Log ya Panasonic au C-Log 3 ya Canon), kwa biti 8, anga na kuta laini zitaonyesha michirizi pindi utakaporekebisha rangi. Kama kamera haina biti 10, tumia mwonekano wa kawaida, achana na Log.

Kasi ya kusoma sensa haiandikwi jedwalini mara nyingi, nayo ina uzito mkubwa. Sensa nyingi husomwa mstari kwa mstari, hivyo ukigeuza kamera haraka nguzo huinama. Ipime hivi: weka kamera kwenye stendi, rekodi huku ukiigeuza kushoto na kulia mbele ya fremu ya mlango, kisha simamisha video uone mlango umelala kiasi gani. Rudia kwa kila hali ya kurekodi, kwa sababu kasi hutofautiana. Halafu piga picha kwa shata (kifunga mwanga) ya kielektroniki ya 1/1000 chini ya taa za LED. Mistari ikijitokeza, kwenye kumbi utalazimika kutumia shata ya mitambo. Nikon Z8 haina kabisa shata ya mitambo, lakini sensa yake husoma haraka mno kiasi kwamba haihitaji. Sony a9 III husoma pikseli zote kwa pamoja, na tatizo la kuinama halipo.

Kwa picha, usiamini namba ya fremu kwa sekunde bila kuuliza ubora wa faili. Sony a7 IV hufikia fremu 10 kwa RAW (faili ghafi ya picha) iliyobanwa kwa kupoteza data. Ukichagua RAW isiyopoteza kitu, kasi hushuka hadi karibu 6.

Unapopiga picha za kulinganisha, sawazisha kila kitu: stendi, upana uleule wa mwonekano, shata, f, ISO (unyeti kwa mwanga) na rangi ya mwanga. Piga picha moja yenye mwanga uliopungua hatua tatu, kisha uinue kwenye kompyuta. Hapo vivuli vitasema ukweli. Piga nyingine kwa ISO 3200, 6400 na 12800. Usilinganishe megapikseli 24 na 45 kwa asilimia 100 kwenye skrini, maana yenye pikseli nyingi itaonekana mbaya bila haki. Zipunguze zote ziwe na ukubwa mmoja kwanza.

Fokasi: fungua lenzi hadi f/1.8, mwambie mtu atembee kuelekea kamera, ageuke, apite nyuma ya nguzo, arudi. Angalia kama kamera inamshika tena bila kuruka kwenye ukuta. Kitulizi kipimwe kwa kutembea na lenzi pana; pembe za picha zikicheza huku katikati ikitulia, utahitaji gimbali (mshikio wenye mota unaotuliza kamera).

Joto lipimwe kwa kurekodi hali nzito zaidi mfululizo kwa saa nzima, katika joto unalofanyia kazi. Kwenye kamera za Sony, kwanza badilisha kiwango cha joto la kujizima kiwe cha juu, la sivyo itakatika mapema. Hesabu na kadi: megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, yaani GB 45 kwa saa. Megabiti 600 ni GB 270. Kadi yenye alama ya kasi ya V30 huhakikisha megabaiti 30 tu kwa sekunde, hivyo rekodi ya megabiti 600 inahitaji V90. Kagua matundu pia: Canon R50 ina la maikrofoni, haina la vipokea sauti.

Mwisho, lenzi, kwa kuwa zitadumu kuliko bodi. Sony E ina chaguo nyingi za Sigma na Tamron, na maunti (kishikio cha lenzi) ya L hushirikiwa na Leica, Panasonic na Sigma. Lenzi za zamani za Canon EF hufanya kazi vizuri kwa adapta. Adapta ya FTZ ya Nikon haina mota, kwa hiyo lenzi za AF-D (za zamani, zisizo na mota ya ndani) utazilenga kwa mkono. Beba lenzi zako dukani, zifunge kwenye bodi, na ujaribu fokasi yake katika video kabla ya kulipa.