SOMO: Jaribio la sukari ya vanila, kujua kazi ya ulimi na kazi ya pua

Wadau, swali la "ulimi una sehemu ngapi za ladha" nimeulizwa mara tatu kwa siku mbili. Naandika mara moja, na kuanzia leo anayeuliza nitamwelekeza hapa. Nafundisha Biolojia sekondari, na jaribio hili nalirudia kila mwaka kwa sababu linamthibitishia mtu, mdomoni mwake mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha haitoki ulimini.

Vifaa: sukari vijiko vinne, arki ya vanila, sahani mbili, vijiko, maji ya kusuuza mdomo, kitambaa, na mtu wa kuonja.

Hatua ya 1. Tumia vanila, si kiungo kingine. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumia tangawizi ya unga kwa kuwa ndiyo niliyoipata. Wanafunzi wakabana pua, wakaonja, darasa zima likasema "tangawizi!" Nikawaambia hawakubana vizuri. Nikawarudisha mara ya pili na ya tatu, wengine wakatoka na pua nyekundu. Kumbe walibana sawasawa, kosa lilikuwa langu. Tangawizi, pilipili, pilipili manga, karafuu na mnanaa havisubiri pua. Vinagusa ncha za neva ya trijemino, inayohudumia uso na mdomo, zile zile zinazopeleka habari za joto, baridi na maumivu. Ukali wa pilipili hufungua mlango wa seli uitwao TRPV1, ambao kwa kawaida hufunguka kwa joto la nyuzi 43 hivi. David Julius na wenzake waliutambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mnanaa nao hufungua mlango wa baridi, TRPM8. Kiswahili kilishalitenga jambo hili zamani: pilipili inawasha, kama upupu unavyowasha. Vanila haina mambo hayo, ni harufu tupu. Wa Kagera na Uganda mnailima, hamna kisingizio.

Onyo: usimlishe mtu unga mkavu wa mdalasini kwa kijiko. Ukivutwa na pumzi unaingia njia ya hewa na kudhuru mapafu. Mwenye pumu au mzio asishiriki.

Hatua ya 2. Gawa sukari kwenye sahani mbili. Moja idondoshee matone matano ya vanila, koroga, tandaza ikauke.

Hatua ya 3. Muonjaji asuuze mdomo, afungwe macho.

Hatua ya 4. Abane pua mwenyewe, kabla kijiko hakijafika usoni. Harufu ikishatangulia, umepoteza jaribio.

Hatua ya 5. Mpe kijiko cha sahani moja, asuuze, kisha cha ya pili. Muulize tofauti. Atasema zote ni tamu tu.

Hatua ya 6. Akiwa bado na sukari ya vanila mdomoni, midomo imefungwa, aachie pua na kutoa pumzi polepole puani. Vanila itatokea ghafla, na ataapa kwamba ameisikia ulimini. Hewa imepanda kwa nyuma ya koo hadi juu puani, basi.

Hatua ya 7. Elewa kilichotokea ndani ya seli.

Ulimini: vile vipele vinavyoonekana, baadhi yao vina vifuko vidogo, kila kimoja na seli za kuonja 50 hadi 100. Sukari iliyoyeyuka kwenye mate hugusa kipokezi kilichoundwa kwa protini mbili zilizoshikana, T1R2 na T1R3. Haihitaji kuingia ndani. Inagusa nje, protini inabadili umbo, ndani ya seli kalsiamu inaachiliwa, na seli inatoa ATP, molekuli inayopeleka ujumbe hapa, kuiamsha neva iliyo jirani. Uchungu una vipokezi aina 25 hivi, maana sumu za mimea ni nyingi na hazifanani. Uchachu ni tofauti: ayoni za hidrojeni zinapita zenyewe kwenye mlango. Ladha ya nne ni chumvi. Ya tano, umami, ni ile ya supu ya mifupa na nyanya zilizoiva sana, ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliihusisha na glutameti mwaka 1908. Hakuna kipokezi cha vanila ulimini. Hakuna cha ndizi, hakuna cha iliki.

Puani: juu kabisa kuna kipande kidogo cha utando chenye mamilioni ya seli za neva, vinyweleo vyake vikiwa vimezama kwenye ute. Linda Buck na Richard Axel walitangaza familia ya jeni za vipokezi vyake mwaka 1991, wakapewa Nobel mwaka 2004. Binadamu tuna aina 400 hivi zinazofanya kazi, na kila seli hubeba aina moja. Harufu moja huamsha aina kadhaa, na aina moja huitikia harufu kadhaa. Ni kama herufi chache zinavyotoa maneno mengi.

Kuhusu ile ramani ya ulimi (tamu mbele, chungu nyuma): mwaka 1901 Mjerumani David Hänig alipima akakuta tofauti ndogo za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 Edwin Boring akazichora upya kwa namna iliyowafanya wasomaji wadhani sehemu nyingine hazihisi kabisa. Ladha zote zinahisiwa popote penye vifuko hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Juma_K: Mwl kwa hiyo tamu ni ncha ya ulimi na chungu ni nyuma?

Mwalimu: Aya ya mwisho, juu ya swali lako.

Mtaalam255: Kitabu cha mdogo wangu kina hiyo ramani. Wewe ni nani upinge kitabu?

Mwalimu: Sikuombi uniamini mimi. Chukua pamba yenye maji ya chumvi, gusa ncha ya ulimi, pembeni, kisha nyuma. Kama kuna sehemu haikuhisi, njoo uandike hapa. Mimi nimeshafanya na mamia ya wanafunzi.

MamaNtilie: Vanila sina, nimetumia pilipili manga. Jaribio halifanyi kazi.

Mwalimu: Pilipili manga nimeitaja kwa jina kwenye hatua ya 1.

MamaNtilie: Samahani mwalimu, nilirukia vifaa. Sasa nifanyeje bila vanila?

Mwalimu: Hapana neno mama. Nunua pipi za matunda za rangi mbalimbali, zisiwe za mnanaa. Pua ikibanwa, ya chungwa na ya ndizi hazitofautiani ila kwa uchachu.

Neema_F4: Shikamoo mwalimu. Kama molekuli inagusa tu nje ya seli, mguso mdogo hivyo unafikaje kwenye ubongo?

Mwalimu: Marahaba mdogo wangu, hapo ndipo ninapopapenda. Chukua seli ya kunusa: kipokezi kikiguswa kinaamsha protini ya G, mpokezana ujumbe ndani ya seli, nayo inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ndogo za ujumbe, kwa wingi. Hizo cAMP zinafungua milango ya ayoni, sodiamu na kalsiamu zinaingia. Halafu angalia: kalsiamu inafungua mlango mwingine, na kloridi inatoka nje. Kwenye neva nyingi mlango wa kloridi ukifunguka neva inatulia. Seli ya kunusa imejilimbikizia kloridi nyingi ndani, kwa hiyo ikitoka inaizidishia seli mwamko. Mguso umekuzwa hatua kwa hatua, kisha umeme unapita kwenye vitundu vya mfupa ulio juu ya pua na kuingia ubongoni. Chora mlolongo huo mara mbili bila kuangalia, hutausahau.

Mfugaji_Dodoma: Beberu wangu akinusa mkojo wa jike anakunja mdomo wa juu na kutulia kama anasali. Nayo ni kunusa?

Mwalimu: Ni kunusa, ila kwa kiungo kingine. Juu ya kaakaa ana vijitundu viwili vinavyoelekea kwenye kiungo cha Jacobson, na akikunja mdomo anavuta kemikali za mkojo kuelekea huko ili ajue kama jike yuko tayari. Nyoka naye akitoa ulimi anakipelekea kiungo hicho hicho. Sisi tumebaki na alama yake tu, na jeni ya TRPC2 ambayo kiungo hicho huitegemea kwetu imeshaharibika. Mwangalie tena beberu, kisha utuambie anabaki hivyo sekunde ngapi.

Kirumba_Dagaa: Nauza dagaa miaka sita, siisikii harufu. Wateja wanasema inanuka toka barabarani. Pua yangu imekufa?

Mwalimu: Haijafa. Kalsiamu ile ile niliyomweleza Neema hurudi kuipunguzia milango wepesi wa kufunguka, na ubongo nao huacha kushughulika na kisichobadilika. Ukitoka sokoni siku kadhaa, siku ya kurudi utaisikia.

Bi_Saada: Mwanangu, niliugua korona, tangu hapo chai ni maji ya moto tu. Iliki siisikii. Pua itarudi?

Mwalimu: Pole sana mama yangu. Kwa wengi hurudi, ingawa wengine huchukua miezi mingi. Kirusi hicho hushambulia zaidi seli zinazozitegemeza seli za kunusa, na seli za kunusa zenyewe huzaliwa upya maisha yote kutoka seli za chini. Kuna mazoezi ambayo Thomas Hummel wa Dresden aliyachapisha mwaka 2009: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila harufu sekunde kama kumi, asubuhi na jioni, wiki 12. Nusa taratibu huku ukiikumbuka harufu ilivyokuwa. Kabla ya hapo muone daktari wa masikio, pua na koo. Na nyumbani awepo mtu wa kukunusia gesi na chakula kilichochacha, maana hilo ndilo la hatari kwa sasa.

Bi_Saada: Ahsante mwanangu. Karafuu ninazo za Pemba, nitaanza nazo.

Mwanga_Moro: Ongezeni na panya buku wetu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Wananusa TNT, kilipuzi cha mabomu ya ardhini na makohozi ya TB.

Mwalimu: Ahsante kwa kuwataja. Panya mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na mengine 38 ambayo hayakulipuka. PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama la Uingereza, lilimpa medali ya dhahabu mwaka 2020. Wepesi wake ulisaidia, bomu halilipuki kwa uzito wa panya.

Juma_K: Na mbu je? Wananipenda mimi kuliko mke wangu.

Mwalimu: Sasa umeuliza vizuri. Mbu huanza na kaboni dayoksaidi unayoitoa kwa pumzi, anaihisi kwa vipapasi vilivyo karibu na mrija wake wa kunyonyea. Akikaribia anafuata joto na asidi za jasho lako, ambazo bakteria wa ngozi huchangia kuzitengeneza, na bakteria hao hawafanani mtu na mtu. Vipokezi vyake vingi vya harufu havipiti kwenye protini ya G kama vyetu. Vyenyewe ni milango: harufu ikigusa, ayoni zinaingia papo hapo. Neema, hilo liandike pembeni ya mchoro wako.

Neema_F4: Nimeliandika mwalimu. Kesho nafanya jaribio na wenzangu sita, sukari nimeshaitandaza.

Mwalimu: Ifunike kwa kitambaa chepesi, sisimizi wananusa kuliko sisi.