Jinsi ya Kumpata na Kumtetea MVP wa Fainali Asiyetarajiwa

Ubishi wa nani atakuwa MVP, yaani mchezaji bora, wa fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huharibika mapema kwa sababu watu hutaja jina kwanza, sababu zinafuata baadaye. Ukitaka kumsimamisha mchezaji ambaye wenzako hawajamfikiria, anza na timu atakayopambana nayo. Wapinzani wakishaamua kumfungia njia nyota wa timu, lazima kuna mtu watakayemwachia nafasi. Na nyota wa upande wao naye kuna mtu atakayepewa kazi ya kumkaba. Kazi hizo mbili zikimwangukia mchezaji mmoja, huyo ndiye wako.

Kubalianeni kwanza nani anahesabika kuwa hatarajiwi, la sivyo mtabishana usiku kucha kila mtu na kipimo chake. Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: asiwe mfungaji anayeongoza katika timu yake msimu wa kawaida. Kwa hicho wanaingia washindi hawa: Cedric Maxwell wa Boston 1981, Chauncey Billups wa Detroit 2004, Kawhi Leonard wa San Antonio 2014, Andre Iguodala wa Golden State 2015 na Jaylen Brown wa Boston 2024. Stephen Curry wa Golden State 2022 haingii, kwa sababu ndiye aliyeongoza timu yake kwa pointi, hata kama mtaani kwenu wengi walitarajia Boston ndiyo itwae ubingwa.

Halafu jueni kura zinavyopigwa. Siku hizi jopo ni la wanahabari 11, kila mmoja anaandika jina moja tu. Hakuna nafasi ya pili wala pointi za kugawana. Ukiwa na wagombea wawili, kura 6 zinatosha. Wakiwa watatu, hata 5 zinaweza kutosha. Brown alimshinda mwenzake wa Boston, Jayson Tatum, kwa 7 dhidi ya 4. Iguodala alipata 7, LeBron James wa Cleveland, timu iliyofungwa, 4, na Curry, aliyekuwa MVP wa msimu huo, hakupata hata moja. Kwa hiyo huhitaji kuthibitisha kwamba mtu wako ni bora kuliko nyota wa timu yake. Unahitaji kuonyesha kwamba wanahabari 6 wana sababu ya kuandika jina lake.

Jina hilo litoke timu itakayotwaa ubingwa. Tuzo ilianza 1969, na mwaka huohuo Jerry West akaichukua ilhali timu yake, Lakers, ilifungwa na Celtics wa Boston katika mechi ya saba, ya mwisho. Tangu hapo haijatokea tena. LeBron 2015 alikuwa na wastani wa pointi 35.8, ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) 13.3 na asisti (pasi zinazozaa pointi) 8.8, bado akakosa. Anayekuambia "lakini takwimu zake" kuhusu mchezaji wa timu inayoelekea kufungwa, mjibu kwa mfano huo.

Sasa chukua karatasi. Upande mmoja andika nyota wa timu yako na wastani wake wa pointi ndani ya fainali, pamoja na asilimia ya mitupo inayoingia. Nyota akiwa juu ya pointi 30 na anatupa vizuri, acha ubishi huo, hauna faida. Giannis Antetokounmpo 2021 alikuwa na 35.2, akafunga 50 katika mechi ya sita. Hapo hata mwenzake angefanya nini, tuzo ilikuwa imeshakwenda. Mwaka 2025 Jalen Williams alifunga 40 katika mechi ya tano dhidi ya Indiana, lakini mwenzake wa Oklahoma City, Shai Gilgeous-Alexander, alikuwa na wastani wa 30.3 na akabaki MVP. Mlango hufunguka nyota anapokuwa chini ya 25 au anapokosa sana. Tatum 2024 alitupa chini ya asilimia 40. Larry Bird, mwenzake Maxwell, 1981 hakufikisha wastani wa pointi 16, ingawa ribaundi alizoa za kutosha.

Mlango mwingine ni jeraha. Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers 1980 alikuwa na wastani wa 33.4, akaumia kifundo cha mguu na kukosa mechi ya sita. Mwenzake Magic Johnson, akiwa katika msimu wake wa kwanza, akafunga 42 na ribaundi 15 usiku huo, na tuzo ikawa yake. Nyota asiyekuwepo uwanjani siku ubingwa unapoamuliwa yuko hatarini, hata awe na wastani mkubwa kiasi gani.

Upande wa pili wa karatasi mwandike mgombea wako. Angalia wastani wa pointi ndani ya fainali wa wale watano niliowataja mwanzoni: Iguodala 16.3, Maxwell 17.7, Leonard 17.8, Brown 20.8, Billups 21.0. Hakuna aliyehitaji 30. Mtu akiwa kati ya 16 na 21, acheze dakika 35 hivi, na awe na kazi ya ziada inayoonekana, basi ana kesi. Chini ya hapo ni shida. Wes Unseld alishinda 1978 kwa wastani wa pointi 9.0, ila huo ni mfano wa nadra sana, usiutegemee.

Kazi hiyo ya ziada ndiyo roho ya hoja yako, na hapa wengi wanazembea. Mara nyingi ni ukabaji. Brown alipewa Luka Dončić, nyota wa Dallas. Leonard na Iguodala wote walipewa LeBron. Golden State walikuwa nyuma 2-1 mwaka 2015 walipomtoa Andrew Bogut, mchezaji wao mrefu wa kati, na kumwanzisha Iguodala, ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu mzima. Akafunga 22 katika mechi hiyo ya nne, wakashinda tatu mfululizo. LeBron alifunga nyingi, ndiyo, lakini kwa asilimia 39.8 tu ya mitupo yake. Mabadiliko ya kikosi ambayo mpiga kura anaweza kuyaeleza kwa sentensi moja yana uzito kuliko jedwali zima la takwimu.

Ukabaji hauonekani kwenye video fupi za asubuhi. Kwetu Afrika Mashariki fainali nyingi huanza saa 9:30 usiku, na usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu saa 9:00, na wengi huamkia matokeo tu. Kama huwezi kukesha, tazama marudio ya robo ya nne nzima badala ya dakika tano za madanki. Kila timu pinzani inapopanda, andika nani amesimama mbele ya nyota wao, na mpira uliishia wapi. Mashambulizi 20 tu yatakupa kitu ambacho wenzako kijiweni hawana.

Kosa linalowaangusha wengi ni kumchagua shujaa wa usiku mmoja. Robert Horry wa San Antonio 2005 alitupa mpira wa pointi tatu ulioimaliza mechi ya tano dhidi ya Detroit katika muda wa nyongeza. MVP akawa mwenzake Tim Duncan. Jason Terry 2011 alifunga 27 siku Dallas walipotwaa kombe, huku mwenzake Dirk Nowitzki akiingiza mitupo 9 kati ya 27. MVP akawa Nowitzki, na ilikuwa haki, kwa sababu ndiye aliyewabeba mfululizo mzima. Usiku mmoja unasaidia tu ukiwa kilele cha mechi nyingine mbili nzuri.

Mwanzo mbaya, kinyume chake, usikutishe. Leonard alifunga 9 na 9 katika mechi mbili za kwanza, kisha 29, 20 na 22. Mechi za mwisho zina uzito zaidi kwa sababu kombe la MVP hukabidhiwa dakika chache baada ya kipenga, kwa hiyo jopo huamua huku mechi ya mwisho ikiwa bado machoni. Mtaje mgombea wako baada ya mechi ya tatu, mkiwa mmeshaona nani anamkaba nani. Akipunguziwa dakika, au kocha akimwondolea kazi ya kumkaba nyota wao, mwache mara moja na urudi kwenye karatasi.